Coaster, basi la tiketi au magari yetu? Ulinganisho wa usafiri wa pamoja kwenda kwenye mbio

Kila ukifika mwezi wa kwanza, makundi ya WhatsApp ya klabu za jogging hapa Dar es Salaam yanaanza kuulizana: Moshi mwaka huu tunaendaje? Kilimanjaro Marathon, iliyoanza mwaka 2003, hukimbiwa Jumapili moja mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Mbio zinaanzia na kuishia kwenye uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi. Wa mbele wanakimbilia zawadi, lakini umati wenyewe ni watu wa kawaida: walimu, mafundi, wafanyakazi wa benki, akina mama wa mtaani waliojiunga na klabu ili kupunguza sukari na presha.

Jibu linalokuja haraka kwenye kundi ni lile lile, mwenye gari aje na gari, tutapakiana. Ikifika Ijumaa unakuta msafara wa magari madogo, mengi yana watu wawili, na mabegi ndiyo yamekaa siti ya nyuma. Kila gari linaungua mafuta yake, kila dereva anapambana na malori ya Segera peke yake, na Jumapili mchana watu wale wale waliokimbia kilomita 21 au 42 wanakaa tena nyuma ya usukani kwa saa tisa.

Nashughulika na safari za klabu yetu, na msimamo wangu nauweka mezani mapema. Usafiri wa pamoja hauvunjiki wakati wa kwenda. Wakati wa kwenda wote mna saa ile ile ya kuwahi, na hofu ya kuchelewa mbio inawaamsha hata wavivu. Unavunjika wakati wa kurudi, kwa sababu kila mtu anamaliza kwa saa yake, ana njaa yake, ana ndugu wa kumsalimia Machame au Marangu, na ana kazi Jumatatu. Kwa hiyo vyombo vyote ninavyovilinganisha hapa navipima kwanza kwa namna vinavyorudi.

Hesabu ya mafuta

Dar hadi Moshi ni takriban kilomita 560 kwa njia ya Chalinze, Segera, Korogwe na Same. Natumia lita badala ya shilingi, maana EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei ya leo si ya mwezi ujao. Chukua lita hizi uzidishe kwa bei ya siku yako. Ulaji ni makadirio ya gari lililofanyiwa sevisi, likiwa kwenye lami. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za kaboni dioksidi, na ya dizeli takriban kilo 2.7. Idadi ya watu ni pamoja na dereva.

| Chombo (kwenda tu) | Lita zote | Watu | Lita kwa kila mtu | Kilo za kaboni dioksidi kwa kila mtu |
|---|---|---|---|---|
| Gari dogo, km 12 kwa lita | 47 | 1 | 47 | 108 |
| Gari dogo, limejaa kiasi | 47 | 4 | 12 | 27 |
| Noah, km 9 kwa lita | 62 | 7 | 9 | 20 |
| Hiace ya dizeli, km 9 kwa lita | 62 | 14 | 4.4 | 12 |
| Coaster, km 6 kwa lita | 93 | 25 | 3.7 | 10 |
| Coaster ile ile, nusu tupu | 93 | 12 | 7.8 | 21 |
| Basi kubwa, km 3 kwa lita | 187 | 45 | 4.2 | 11 |

Angalia mistari miwili ya Coaster. Ikijaa inaongoza vyombo vyote. Ikienda na watu 12, moshi wake kwa kila mtu unalingana na wa Noah iliyojaa, na pesa ya kukodi mnailipa nzima. Watu wengi wakisema "tumekodi gari kubwa" wanadhani kazi imekwisha. Kazi ni kujaza viti, na kuvijaza safari zote mbili.

Kingine kinachoonekana hapo ni kwamba hatua kubwa kuliko zote ni ile ndogo kabisa, kutoka mtu mmoja kwenda watu wanne ndani ya gari lile lile. Hakuna wa kumwomba kibali wala gari la kutafuta. Klabu isiyo na nguvu ya kukodi chochote inaweza kuanzia hapo wiki hii.

Magari yetu wenyewe

Uzuri wake ni uhuru. Mnaondoka mnapotaka, mnasimama Korogwe mnunue machungwa, mtoto akiumwa nyumbani mnageuza. Kwa familia yenye watoto wadogo, au mwanachama mwenye ulemavu ambaye gari lake limetengenezwa kwa ajili yake, sitamshawishi mtu aache gari. Anachotakiwa ni kutangaza viti vilivyobaki.

Tatizo la kwanza ni dereva. Mtu aliyemaliza nusu marathon kwenye mlima wa Mweka ana misuli inayokaza, amepungukiwa maji na chumvi, na usiku wa kuamkia mbio hakulala vizuri kwa sababu alikuwa macho tangu saa 10 alfajiri. Kumkabidhi mtu huyo roho nne na barabara ya kilomita 560 siku hiyo hiyo ni jambo ninalolipinga waziwazi. Mkienda na magari yenu, kila gari liwe na dereva asiyekimbia, au mwenye kukimbia kilomita 5 tu, au mlale Moshi mpaka Jumatatu. Nje ya hapo msiende na magari.

La pili ni pesa. Kuchangiana mafuta kati ya marafiki ni jambo la kawaida, lakini mwenye gari akianza kutoza nauli yenye faida, gari la namba ya njano, yaani la binafsi, linakuwa linafanya biashara ya abiria bila leseni, na bima ya gari binafsi haikuandikwa kwa ajili ya abiria wa kulipa. Ajali ikitokea, majeruhi na mwenye gari wote wanabaki pabaya. Weka kanuni rahisi: lita zilizotumika zigawanywe kwa waliokaa ndani, mwenye gari naye akiwemo, basi.

La tatu ni maegesho. Njia ya mbio inapita mjini na kwenye barabara kuu ya kuelekea Dar kabla ya kupanda Mweka, na barabara hufungwa wakati watu wanakimbia. Gari lililoegeshwa ndani ya eneo hilo halitoki mpaka njia ifunguliwe. Aliyemaliza kilomita 5 mapema akidhani atawahi kuondoka atakaa hapo hapo akilitazama gari lake.

Noah au Hiace ya kukodi

Kwa kikundi cha watu kuanzia 10 hadi 14, dereva akiwemo, Hiace ndiyo saizi. Ina dereva wake asiyekimbia, inajaa kwa urahisi, na watu 13 kukubaliana saa ya kurudi si kazi ngumu sana. Noah naipendekeza kwa safari fupi tu, kwa mfano Arusha kwenda Moshi, ambako ni kama kilomita 80 na watu wanarudi nyumbani kula chakula cha mchana. Kwa Dar, Noah yenye watu saba na mabegi inabana mapaja, na mapaja ndiyo mtaji wa Jumapili.

Kabla ya kulipa kianzio, nenda ukaitazame namba ya gari. Nyeupe ni ya biashara, njano ni ya binafsi. Mwenye gari la njano atakupa bei nzuri na maneno matamu, lakini mkisimamishwa njiani ni nyinyi mtakaoshushwa na mabegi yenu. Uliza leseni ya kukodisha ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, bima ya abiria, na hali ya tairi. Kisha uliza swali ambalo wengi wanalisahau: bei hii ina nini ndani? Mafuta yamo? Posho na malazi ya dereva kwa usiku mtakaolala yamo? Akiwapeleka kutoka hotelini hadi uwanjani alfajiri, ni safari nyingine au ni ile ile? Mambo haya yaandikwe, hata kama ni kwenye ujumbe wa simu, ili mwisho wa safari pasiwe na kutoana jasho.

Coaster

Hiki ndicho kipenzi cha klabu, na sababu zinaeleweka. Mnaimba, mnafahamiana, mwanachama mpya aliyejiunga wiki iliyopita anashuka Moshi akiwa na ndugu 20. Kwa klabu inayojengwa, hiyo ni thamani kubwa ambayo jedwali la mafuta haliwezi kuionyesha.

Inafaa sana pale ambapo wengi wenu mnakimbia umbali mmoja. Fikiria klabu yenye watu 24, 20 kati yao wako kwenye kilomita 21. Wa mwisho wao anaingia uwanjani karibu saa 4 asubuhi, mnapiga picha, mnaoga, mnakula, saa 8 mchana gari linawasha. Usiku wa saa 5 mko Mbezi. Hapo Coaster haina mpinzani.

Sasa chukua klabu nyingine yenye watu 24 hao hao, ila 10 ni wa kilomita 5, 8 ni wa 21 na 6 ni wa 42. Wa kilomita 5 wamemaliza kabla ya saa 3. Wa 42 wa mwendo wetu wa kawaida wanaingia kati ya saa 5 na saa 6 na nusu mchana, wengine wakichechemea. Wale wa mwanzo wameshachoka kusubiri jua likiwa kali, wa mwisho wanakimbizwa bila kula. Ndipo utakapoanza kusikia "mimi nitapanda basi tu" na "nimepata lifti". Mnarudi na viti vitupu mlivyokwisha kuvilipia, na wale waliopata lifti wamerudi kwenye gari dogo tulilotaka kulikimbia. Kwa klabu ya aina hii Coaster inafaa endapo tu mmekubaliana kulala hadi Jumatatu alfajiri.

Saa za dereva nazo zihesabiwe. Safari inayozidi saa 8 inatakiwa kuwa na madereva wawili, na magari ya abiria yana ukomo wa kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo Dar na Moshi hazikaribiani kwa kumhimiza dereva. Uliza dereva wa pili yuko wapi. Na mpatie dereva kitanda, si siti ya gari, usiku wa kuamkia Jumapili.

Basi la kawaida, tiketi za pamoja

Hili halizungumzwi sana kwa sababu halina mbwembwe. Hamna bango ubavuni, hamna nyimbo zenu. Lakini kwa klabu yenye umbali mchanganyiko ndilo ninalolipendekeza.

Mabasi ya Dar kwenda Moshi na Arusha ni mengi na yanaondoka kuanzia alfajiri kutoka kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis. Tangu mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kusafiri usiku, anayetoka kazini Ijumaa jioni anaweza kulala njiani na kuamkia Moshi Jumamosi. Basi hilo lingeenda hata msingekuwemo, kwa hiyo kiti chako hakiongezi gari barabarani. Na kurudi kila mtu anakata tiketi kulingana na mbio zake: wa kilomita 5 basi la mchana, wa 42 basi la usiku au la Jumatatu. Hakuna anayemsubiri mwenzake, hakuna kiti kitupu mnachokilipia, na hakuna mkimbiaji aliyeshika usukani.

Udhaifu wake ni miisho miwili ya safari. Mtu wa Kigamboni au Bunju kufika Mbezi Luis saa 11 alfajiri ni safari nyingine, na wengi huishia kupelekwa na gari. Hapo ndipo klabu ipange: wanaotoka upande mmoja wachukue bajaji au teksi moja, au walale kwa mwenzao wa Kimara. Moshi kwenyewe ni nafuu, kituo kikuu kiko katikati ya mji, na mkichagua nyumba ya kulala wageni iliyo karibu na uwanja, asubuhi mnakwenda kwa miguu ikawa ndiyo kupasha misuli. Malazi ya kutembea hadi uwanjani yanapunguza safari za magari kuliko tunavyodhani, na vyumba hivyo ndivyo vinavyokwisha mapema.

Tiketi zikatwe mapema kwa pamoja. Mtu mmoja aongee na ofisi ya basi kwa niaba ya wote, mkae siti zinazofuatana, na kila mtu atoe jina lake kamili na namba ya simu. Wikiendi ya mbio Moshi inajaa.

Treni

Reli ya kaskazini ilifufuliwa. Treni ya abiria ya Dar hadi Moshi ilirudi Desemba 2019, na ikafika Arusha Oktoba 2020. Naipenda. Unalala, unanyoosha miguu, unashuka mgongo ukiwa mzima, na kikundi kikubwa kinakaa behewa moja. Lakini haiendi kila siku na inakula usiku mzima na zaidi, kwa hiyo inamfaa mwenye likizo ya siku kadhaa. Ukitegemea irudi Jumapili mchana ili uwahi kazini, hapana. Angalia ratiba ya Shirika la Reli (TRC) ya wiki hiyo kabla hujamwambia mtu.

Kwa mbio za Dodoma habari ni nyingine kabisa. Tangu treni ya umeme ya reli ya kisasa (SGR) ianze kufika Dodoma mwaka 2024, safari ya basi iliyomaliza siku imekuwa ya saa chache, na treni zinakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Kwa Dodoma sioni tena sababu ya klabu ya Dar kukodi gari lolote. Hakikisha kila mwanachama ana kitambulisho anachokatia tiketi, na tiketi zikatwe mara tu zinapofunguliwa, maana wikiendi hujaa.

Wenzetu wa Kenya nao wanakuja kwa wingi. Wa Mombasa njia yao fupi ni Voi, Taveta na Holili, na wa Nairobi hupitia Namanga na Arusha. Kwao basi la tiketi au basi dogo la shuttle linalovuka mpaka kila siku lina faida ya ziada, makaratasi ya gari ni kazi ya mwenye gari. Wanaokuja na matatu ya kukodi wahakikishe mapema bima ya kuvukia mpaka, ile kadi ya njano ya COMESA.

Mbio za mjini na bonanza za Jumamosi

Moshi ni mara moja kwa mwaka. Safari nyingi za klabu ni hizi za hapa hapa: mbio za hisani zinazoanzia viwanja vya Farasi Oysterbay, bonanza la klabu rafiki Mbagala, mechi ya veterani Ukonga. Kwa jumla ya mwaka ndizo zinazotoa magari mengi, na ndizo rahisi kuzirekebisha.

Daladala la kukodi ndilo chombo cha asili. Lakini daladala lina leseni ya njia yake, kwa hiyo liombewe kibali cha kutoka nje ya njia, na mwenye gari ndiye anayejua pa kukipata. Chagua daladala linalolala mtaani kwenu. Likitoka Tegeta tupu kuja kuwachukua Tabata, kisha likarudi Tegeta tupu, zile kilomita za bure zinakula faida yote mliyoipata kwa kuacha magari.

Mwendokasi ni mzuri kwa wanaokaa Kimara, Ubungo na Magomeni, ambako mabasi yake yanapita tangu 2016. Kwa wengine unasaidia kipande tu. Shida ni saa. Mbio zinaanza saa 12 asubuhi au hata kabla, na mtu wa Gongo la Mboto anayetaka kufika Oysterbay kwa daladala mbili atalazimika kuwa kituoni gizani. Kina dada wengi wanakuja na gari au teksi kwa sababu hiyo tu, na wana haki. Mkikodi gari, vituo vya kupandia viwe kwenye kituo cha mafuta chenye taa na mlinzi, wapande wawili wawili, na gari lisiondoke kituo mpaka aliyeandikwa pale amepokea simu.

Mashabiki wa timu za mchangani nao nawaomba kitu kimoja. Fuso si gari la abiria. Ni kweli linabeba watu wengi kwa lita chache, lakini kusimama mgongoni mwa lori la mizigo ni kinyume cha sheria na kumeshawaliza watu. Coaster mbili kwa zamu, au daladala moja lirudie mara mbili, ni bora mara mia.

Waandaaji wanaweza kusaidia nini

Klabu zinaweza kujipanga vizuri na bado magari yakaja, kwa sababu mbio zenyewe zimepangwa kwa mtu mwenye gari. Kilimanjaro Marathon ina jambo moja la kuigwa: kwa miaka kadhaa namba za kifuani za wakimbiaji zimekuwa zikigawiwa Dar es Salaam na Arusha kabla ya kugawiwa Moshi. Mtu aliyechukua namba yake Mlimani City hana haja ya kuwahi Moshi Ijumaa na gari, na kiongozi wa klabu anaweza kuzichukua kwa niaba ya wenzake kwa utaratibu uliowekwa. Mbio za mjini zinazomlazimisha mtu aende kuchukua namba Masaki katikati ya wiki zinazalisha safari mbili kwa kila mkimbiaji.

La pili ni mabegi. Ukimwuliza mkimbiaji kwa nini amekuja na gari, mara nyingi atakuambia simu, funguo, nguo kavu na kandambili aziweke wapi. Gari kwake ni kabati la nguo. Waandaaji wakiweka hema la kuhifadhi mabegi lenye watu wa kuaminika, kila begi likafungwa kikaratasi chenye namba ile ile ya kifuani, na pembeni pakawa na sehemu ya kubadilishia nguo, sababu kubwa ya kuja na gari inaondoka. Gharama yake ni meza, kamba na vijana wachache. Sijaona jambo lingine la bei ndogo lenye faida kubwa kiasi hicho.

La tatu, fomu ya kujiandikisha iulize: unatokea wapi na utakujaje? Swali hilo moja linawapa waandaaji picha ya mitaa yenye watu wengi, na wanaweza kuwaunganisha na daladala za kukodi kutoka vituo vinne au vitano, nauli ikilipwa pamoja na ada ya mbio. Kiti kilicholipiwa pamoja na namba hakiahirishwi kirahisi.

Mimi ningechagua hivi

Watu chini ya 10 kwenda Moshi: tiketi za basi, bila kufikiria mara mbili. Kati ya 10 na 14, Hiace yenye namba nyeupe, mlale usiku wa Jumapili kama kuna wa kilomita 42 kati yenu. Kuanzia 20, swali ni umbali mnaokimbia: wengi wakiwa kwenye umbali mmoja, Coaster, mkichanganyika, kwenda kwa Coaster ya safari moja kama mwenye gari ana abiria wengine wa kurudi nao, au basi la tiketi kwenda na kurudi. Kati ya 15 na 19 pana ugumu wake, maana Hiace haitoshi na Coaster haijai. Hapo pigieni simu klabu ya jirani kabla ya kumpigia mwenye gari. Klabu yenu ya watu 15 na yao ya watu 8 zinajaza Coaster moja safi kabisa, na mkishazoeana barabarani mtaalikana kwenye bonanza mwaka mzima. Magari binafsi yabaki kwa wenye sababu, yakiwa yamejaa.

Chochote mtakachochagua, karatasi ndiyo inayoshikilia safari. Yetu ina safu hizi: jina, simu, kituo cha kupandia, umbali anaokimbia, saa anayotarajia kumaliza, anarudi lini na kwa chombo gani, na simu ya ndugu wa kuarifiwa. Safu ya kurudi inajazwa siku ile ile mtu anapolipa, haiachwi wazi "tutaona huko huko". Nakala moja anakaa nayo kiongozi, nyingine inabandikwa kwenye mlango wa gari kwa ndani, ili kila anayepanda aweke alama mwenyewe.

Malipo yapitie namba moja ya simu, na orodha ya waliolipa irushwe kwenye kundi kila Ijumaa. Aliyesema "nipo" bila kutuma pesa hahesabiki. Aliyelipa akapata dharura harudishiwi, ila anaruhusiwa kumpa mwingine kiti chake, na kiongozi amsaidie kumtafuta. Kwa mbio za mwishoni mwa Februari, orodha ifungwe wiki ya mwisho ya Januari, mkiwa bado na nafasi ya kubadilisha Coaster kuwa Hiace endapo walioahidi 25 wamelipa 13.